Waogeleaji Wanane Hawajarudi Bwawani

Jumapili mchana, ameshiba ugali kwa majani ya maboga, Sikitu Mligo alijilaza kwenye kochi akasema anafumba macho dakika tano tu. Akaota.

Kabla ya ndoto yenyewe, tumjue kwanza mwotaji. Sikitu alikuwa fundi wa programu za kompyuta, mwenye miaka thelathini na moja, mpangaji wa vyumba viwili pale Njombe mjini. Chama cha wakulima wa viazi kilimpa kazi ya kutengeneza tovuti kwa lugha ya Java: mkulima aingie kwa simu yake, aandike jina na idadi ya magunia ya mbegu anayotaka, apewe namba ya kuchukulia. Kazi ikaisha, watu wakapiga makofi. Siku ya kwanza ya kujiandikisha, msimu uliopita, tovuti ilifunguliwa saa mbili kamili asubuhi, ikafanya kazi dakika kumi na mbili, ikaganda. Simu za wakulima zikazungusha kale kaduara mpaka jioni. Sikitu akizima seva, ile kompyuta inayoendesha tovuti, na kuiwasha, inaamka, inahudumia watu kidogo, inaganda tena.

Miongoni mwa waliokosa mbegu alikuwa shangazi yake Sigrada, aliyemlea tangu darasa la tatu. Shangazi akapanda viazi vidogovidogo alivyookoteza stoo, ugonjwa wa mnyauko ukavimaliza vyote. Hakumgombeza Sikitu hata siku moja. Alianza tu kumwita "mtaalamu wetu" mbele za watu, kwa upole uliouma kuliko matusi.

Na Jumatatu hii, yaani kesho yake, uandikishaji ulikuwa unafunguliwa upya. Mwenyekiti wa chama alikwishasema: ikiganda tena tunarudi kwenye daftari, na binti atafute shughuli nyingine. Sikitu alikuwa ametumia wiki nzima kukagua usanidi wa seva, yaani mipangilio yake, asione kosa. Majina ya wakulima hutunzwa kwenye hifadhidata, na seva ilikuwa na miunganisho minane ya kwenda huko, ikiongozwa na faili moja liitwalo dereva. Programu huazima muunganisho mmoja, hupeleka jina, hurudisha, kama majirani wanavyoazimana ungo. Fungu zima la miunganisho hiyo mafundi huliita bwawa.

Basi usingizi ukamchukua akiwa na neno hilo kichwani.

Anafungua kabati la nguo kutafuta sweta. Ndani ameketi mwanamume aliyeshika usukani mikononi, magoti ameyafunika kwa kanga ya Sikitu.

"Wewe nani?"

"Dereva wa hifadhidata."

"Unafanya nini kabatini kwangu?"

"Uliniweka mwenyewe, dada. Mwongozo unasema dereva akae kwenye nyumba ya seva, huko kila mtu anamwona. Pacha wangu yuko huko, anafanya kazi. Mimi ni nakala ya pili. Ulinihifadhi huku usije ukakosa."

"Na kazi yako ni nini?"

"Kujaza nafasi," alisema Dereva, bila kinyongo. Akasogea kidogo. "Ingia. Kwa kuwa umefungua, nitakusindikiza."

Sikitu akaingia, akakalia rundo la mashuka. Dereva akakata usukani kushoto, na kabati likaondoka. Halikuwa na haraka. Lilipita jikoni, likapita katikati ya shamba la parachichi la watu wasiojulikana, likasimama mbele ya geti la chuma. Kwenye kigoda pale getini alikaa muhuri, ule wa ofisini wa mpini wa mbao, isipokuwa huyu alikuwa na kimo cha mtu mzima na miwani.

"Jina?" Muhuri akauliza.

"Sikitu."

"Nimekuuliza jina."

"Nimekwambia. Sikitu."

Muhuri akavua miwani. "Dada, hapa mtu akileta kitu ambacho si kitu, kile mnachokiita null nyie wa Java, jengo zima linaanguka. Juzi limeanguka. Tumechukua siku mbili kulipandisha paa."

"Ni jina langu. Nilipewa na bibi."

"Bibi alikuwa fundi wa Java?"

"Alikuwa anafuma vikapu."

"Alijua mambo," alisema Muhuri, akavaa miwani yake tena. "Haya, karatasi. Karatasi ya seva inasema njia ya kwenda kwenye hifadhidata inaitwa viazi. Karatasi ya programu inasemaje?"

Sikitu akafungua kiganja. Humo mlikuwa mmeandikwa Viazi kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Unaona? Ya kwangu imekaa," Muhuri akasema. "Hiyo ya kwako V ni kubwa, imesimama. Majina mawili hayo. Ikalishe."

Sikitu akaibonyeza ile V kwa kidole gumba. V ikalalamika kwamba ina matatizo ya magoti, lakini mwishowe ikakaa. Geti likafunguka, na kipaza sauti kikatangaza mji mzima ukasikia: "Mgeni amefika. Neno lake la siri ni viazi123."

"Mbona unalitangaza?" Sikitu akang'aka.

"Limeandikwa wazi kwenye faili," kipaza sauti kikajibu. "Mimi nasoma kilichoandikwa."

Dereva akakohoa na kutazama pembeni, akimwonea aibu.

Ndani ya geti hapakuwa na jengo. Palikuwa na bwawa la saruji, refu, lenye maji ya baridi na ukungu juu yake. Ng'ambo ya pili lilisimama ghala kubwa la bati, mlango wazi, na kutoka humo ilitoka harufu ya karatasi. Kando ya bwawa palikuwa na ubao: WAOGELEAJI WANANE. WALIOPO: SIFURI.

Muhuri aliwafuata kwa kurukaruka, na kila alipotua aliacha chini neno IMEPOKELEWA.

"Wako wapi?" Sikitu akauliza.

"Wameazimwa."

"Na nani?"

Muhuri akamwonyesha daftari la saini. Mistari minane, saini nane, zote zake.

"Mimi sijaazima mtu."

"Programu yako imeazima. Saini ni yako. Kila mwogeleaji hupewa jina la mkulima, analivusha mpaka ghalani, anarudi, anapewa jingine. Hawa walitoka mwaka jana. Hatujawaona."

Hapo ndipo Sikitu alipoiona foleni. Ilianzia ukingoni mwa bwawa ikaenda ikapotelea kwenye ukungu, watu na makoti yao, watu na simu zao mikononi, kila simu ikizungusha kaduara. Hakuna aliyenung'unika. Wa kwanza kabisa mbele alikuwa shangazi Sigrada. Kuvu ya kijani ilikuwa imeota begani mwake kama inavyoota kwenye mawe, na ndani ya kikapu chake kulikuwa na kiota cha ndege kilichokwisha kuhamwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mtaalamu wetu."

"Umesimama hapa tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, saa mbili na dakika kumi na mbili."

"Ndege ametagia kwenye kikapu chako?"

"Ametaga, ameangua, wamekua, wameondoka. Wazuri sana. Mmoja alikuwa ananiamkia."

Sikitu akachungulia kile kiota. "Kwa nini hukwenda nyumbani, shangazi?"

Shangazi akanyoosha kidole kwenye bango lililokuwa juu yao: MUDA WA KUSUBIRI: -1.

"Hasi moja," alieleza Muhuri kwa sauti ya mtu aliyekwishaeleza mara nyingi, "maana yake ni kusubiri mpaka kiama. Mtu angeweza kuandika sekunde kumi. Mkulima angesubiri kumi, akikosa angeambiwa samahani jaribu tena, akaenda zake kupika."

"Mimi nilidhani hasi moja ni muda mfupi sana," Sikitu akasema. "Mfupi hata kuliko sifuri."

"Wengi hudhani hivyo."

Chaki ilikuwa mkononi mwake. Hakujua imetoka wapi. Akafuta hasi moja, akaandika kumi, akashusha pumzi. Shangazi alimtazama bila kupepesa.

"Sasa umefanya nini?"

"Nimekupunguzia kusubiri."

"Yaani nimesimama mwaka mzima, kuvu imeniota, halafu baada ya sekunde kumi niambiwe samahani?" Shangazi hakupandisha sauti. "Sikitu. Nenda kawatafute watu wako."

"Moja," Muhuri akaanza kuhesabu.

Sikitu akakimbia. Anakimbia kandokando ya bwawa, saruji inageuka majani, majani yanageuka zulia, zulia ni la kwake, lile lenye alama ya pasi. Anasukuma mlango wa jikoni.

"Mbili," ikasikika kwa mbali.

Jikoni kwake walikuwa wameketi wanawake kimya kimya, migongo imenyooka, mikono kwenye magoti, kama watu waliofika msibani wakakuta mwenyeji hayupo. Walikuwa wamelowa chapachapa. Kila mmoja alijifunika nywele kwa mfuko wa plastiki. Maji yaliwachuruzika yakakusanyika chini ya jiko la gesi.

"Karibuni," Sikitu akasema, maana hakupata neno lingine.

"Tulikwishakaribia," akajibu aliyekaa karibu na mlango, mnene, mwenye sauti nzito. "Tunasubiri useme turudi."

"Si mngerudi tu wenyewe?"

Wakatazamana kwa mshangao. "Dada, mtu akiazimwa hajirudishi. Aliyeazima ndiye husema, basi, asante, rudi. Ndivyo tulivyofunzwa."

"Tatu."

"Na kazi niliyowapa? Mlimaliza?"

"Tulianza," alisema yule mnene. "Mimi nilipewa jina la Ng'umbi. Nimeingia majini nalo vizuri, meno yameshika. N, sawa. G, sawa. Nafika kwenye kile kijialama cha juu, kinanikata." Akaonyesha mkwaruzo kwenye mkono, mdogo, umepinda kama kucha. "Ghala likadhani jina limeishia hapo. Likakataa mzigo. Programu yako ikapiga yowe ikaruka dirishani."

"Na ile amri ya kuwarudisha?"

"Ilikuwa njiani inakuja. Uliiweka mwisho kabisa wa ukurasa. Programu iliporuka dirishani, haikufika huko mwisho."

"Mimi nilibeba Ng'ande," akasema wa pili, akionyesha mkwaruzo shingoni.

"Mimi Ng'owo."

"Mimi pia Ng'umbi, ila wa ukoo mwingine," akasema wa nne.

"Nne. Tano."

Sikitu akajishika kichwa. Njombe hii! Ukitupa jiwe sokoni litampata Ng' mmoja na likimkosa litampata shemeji yake. Mwaka mzima alikuwa akipekua mambo makubwamakubwa, uwezo wa seva, kasi ya mtandao, na kumbe kila mmoja wa akina Ng' alipoandika jina lake, mwogeleaji mmoja alikuwa anakuja kuketi jikoni kwake. Wa nane alipoondoka bwawani, maji yakabaki matupu na watu wakaanza kuota kuvu.

"Poleni," alisema. Lilikuwa neno dogo mno kwa kazi ile. "Poleni sana jamani. Na baridi hii."

"Tumezoea," akasema yule mnene. "Ila tupime kwanza kabla hujaturudisha. Usirudishe bwawani aliyekufa."

"Nakupimaje?"

"Niambie niseme moja."

"Sema moja."

"Moja."

"Basi. Asante dada. Rudi."

Yule mama akasimama, akakunja vizuri taulo ambalo halikuwapo, akapiga mbizi kwenye karai la vyombo. Karai lilikuwa na maji ya vidole viwili tu. Akazama mzima, na povu likajifunga juu yake.

"Sita."

"Sema moja." "Moja." "Asante dada, rudi." Wa pili akazama. Wa tatu. Wa nne alitetemeka meno yakagongana, moja yake ikatoka kama kumi na tatu, lakini Sikitu akaipokea. Wa tano alipitia kwenye sinki kwa sababu alisema karai lina mafuta. Wa sita akaomba radhi kwa kummalizia sukari. Wa saba alipofika ukingoni mwa karai, Sikitu akageuka kutafuta mwingine, akakuta kiti kitupu.

"Wa nane yuko wapi?"

"Yule alibeba jina la Sigrada Ng'ingo," alisema wa saba. "Hakutaka kuja kukaa hapa na sisi. Alisema ukishindwa kazi ya mtu unamfuata mwenyewe ukamweleze."

"Alikwenda wapi?"

"Nane," Muhuri akaita.

"Sema moja, haraka."

"Moja."

"Rudi!"

Dirisha la jikoni lilikuwa limehamia juu ya bwawa. Sikitu anachungulia: wale saba wako majini, wanakata maji kwa mikono mirefu, majina meupe kati ya meno, wanagusa ghala, wanarudi, wanagusa ghala, wanarudi. Foleni inasogea. Kuvu inamdondoka shangazi begani vipande vipande. Anainua mguu wa kulia, mguu ambao haujainuka kwa mwaka mzima, anaukanyagisha mbele.

"Tisa," akasema Muhuri.

Sikitu akazinduka, shavu limeshikamana na mto wa kochi. Saa ilikuwa kumi kasoro jioni.

Hakunawa uso. Alifungua laptopu, akaenda moja kwa moja kwenye mistari ya kupeleka jina, akaona: amri ya kurudisha muunganisho ilikuwa kweli mwishoni kabisa, baada ya kila kitu. Akaandika jina la kujaribia, Ng'ingo. Programu ikapiga kosa. Akatazama hesabu ya miunganisho. Mmoja umeazimwa, haujarudi. Akaandika tena, ikawa miwili. Ilipofika minane tovuti iliganda mbele ya macho yake, na Sikitu akacheka peke yake mpaka jirani akagonga ukuta.

Alifanya kazi mpaka jua lilipozama. Amri ya kurudisha aliihamishia mahali ambapo itatekelezwa hata programu ikiruka dirishani. Majina akayafungasha namna ambayo kijialama cha juu hakitamkata tena mtu. Hasi moja ikawa sekunde kumi. Neno la siri alilibadilisha akalificha, na akiwa anafuta faili la dereva wa ziada alijikuta anasema samahani kwa sauti.

Jumatatu saa mbili kamili uandikishaji ukafunguliwa. Sikitu alikuwa ofisini kwa chama, amekaa karibu na mwenyekiti, wote wakiitazama saa. Saa mbili na dakika tatu likaingia jina: Sigrada Ng'ingo, magunia manne. Likapita. Saa mbili na dakika kumi na mbili mwenyekiti aliacha kupumua, kisha ikawa saa mbili na kumi na tatu, akaendelea kupumua. Mpaka saa tano, wakulima mia sita na kumi na wawili walikuwa wamepata namba zao, wakiwemo wale wote wa Ng'. Mwenyekiti akampa Sikitu mkono, akasema, "Haya," akaenda kunywa chai. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Tovuti ikatulia. Hakuna mtu tena aliyekuwa anaitumia. Sikitu akatazama hesabu ya miunganisho kwa mara ya mwisho, akitarajia sifuri.

Ilisoma moja.

Akasubiri. Moja. Akakagua kila mstari. Hakuna programu iliyokuwa imeazima. Moja. Ndipo simu ilipoita, na kwenye kioo likatokea jina la shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Namba imekuja. Magunia manne, nimeshamwambia mwenye gari." Shangazi akashusha sauti. "Sasa mgeni wako huyu."

"Mgeni gani?"

"Huyu mama uliyemtuma. Alinikuta jana jioni nakamua ng'ombe. Amelowa, ana mfuko wa plastiki kichwani. Akaniomba radhi kwa mambo ya mwaka jana, eti alilibeba jina langu likamshinda. Nikamwambia hayo yameisha. Nikampa chai, nikampa blanketi, amelala chumba cha wageni, godoro lote ni maji. Leo namwambia kwenu watakutafuta, anasema hawezi kuondoka mpaka wewe useme."

Sikitu akaitazama ile moja.

"Yuko hapo karibu?"

"Huyu hapa, ananishikia ndoo."

"Mpe simu."

Ilisikika sauti ya kitu kinachochuruzika, kisha pumzi ya mtu mwenye adabu.

"Sema moja," alisema Sikitu polepole.

"Moja."

"Basi. Asante sana dada. Rudi."

Kukatokea mlio mmoja tu, chubwi, kama jiwe likitumbukia kisimani. Kwenye kompyuta, moja ikawa sifuri. Na kule upande wa pili wa simu shangazi alipiga ukelele ambao Sikitu hakuwa ameusikia tangu akiwa darasa la tatu:

"Wee Sikitu! Maziwa yangu!"